Hodi ya Nyuki

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni sauti ya watu walioshiba ugali, au ya watu wanaousubiri? Rudini tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia watu. Sogeeni. Wewe uliyejifunika shuka mpaka puani, funua masikio, maana leo nimekuja na asali, na asali sipendi kummwagia aliyelala.

Hapo zamani za kale, kale ya babu wa babu zetu, palikuwa na kijiji. Jina lake limepotea, lakini hodi yake haijapotea. Watu wa kijiji kile walipenda hodi kuliko watu wote duniani. Unakwenda kwa jirani, unasimama nje, unagonga, ngo! ngo! ngo! Hodi! Unakwenda zizini kukamua mbuzi, ngo! ngo! ngo! Hodi! Unakwenda jikoni kwa mkeo mwenyewe, ngo! ngo! ngo! Hodi! Wanasema hata kuku wa kijiji kile, kabla ya kuingia ndani, alisimama mlangoni akakohoa. Mnacheka. Mimi sikuwapo, nawapa kama nilivyopewa.

Mwenye hodi kubwa kuliko wote alikuwa Mzee Kapela. Ukifika kwake ukaita kwa sauti ndogo, alikurudisha mpaka njia panda ukaanze upya. Mzee Kapela alikuwa na binti, Kalunde, msusi wa vikapu, mwenye kicheko kilichosikika mpaka kisimani. Na kijijini humo alikuwamo kijana mmoja mrefu, jina lake Sengo. Sengo alikuwa na adabu mpaka adabu yenyewe ikamchoka. Akimsalimu mkulima, alimsalimu na jembe lake. Sengo alimpenda Kalunde, Kalunde alimpenda Sengo, na jambo hilo lilijulikana na kila mtu, hata yule kuku.

Lakini palikuwa na desturi. Mwanamume akitaka kuoa, alimpelekea baba wa msichana chungu cha asali. Si asali ya kuomba. Si asali ya kubadilishana na mtama. Asali ya mzinga aliouchonga mwenyewe, akauweka mwenyewe, akaufungua mwenyewe. Na baba wa msichana alikwenda kwa miguu yake kuuona mzinga ukifunguliwa, maana wanaume ni wale wale, wa zamani na wa leo.

Mzee Kapela alimwambia Sengo mapema. Alisema kuna mtu wa ng'ambo ya mto ambaye posa yake imekwisha kufika na mizinga yake imejaa. Alisema yeye atasubiri mpaka mvua za masika. Mvua ikianguka kabla ya chungu, Kalunde atavuka mto.

Basi Sengo akachukua shoka, akachonga. Ko! ko! ko! Akatoboa gogo likawa mzinga, akauweka juu ya miti yenye panda nyuma ya nyumba yao. Alikuwa na bahati, kijana yule. Haukupita muda, kundi la nyuki likapita angani, vuuuuu, likazunguka, likaingia. Sengo alifurahi akacheza peke yake uani.

Asubuhi akajipaka mafuta ya kondoo, akavaa nguo yake nzuri, akaenda. Aliona haifai kukaa na wageni bila kuwajulia hali. Akasimama mbele ya mlango wao, akagonga mzinga. Ngo! ngo! ngo!

"Hodi humu ndani. Mmeamkaje?"

Walikuwa wameamka vizuri. Wakatoka wote kumjibu.

Sengo alikimbia, tupu! tupu! tupu! mpaka mtoni, chubwi! Aliporudi nyumbani uso umevimba, macho hayaonekani, na mama yake akamwambia karibu mgeni, mwenye nyumba katoka kidogo.

Sasa, mtu mwingine angejiuliza kama hodi ile ilikuwa na maana. Lakini Sengo alikuwa mtoto wa kijiji kile. Alikaa, akafikiri, akaona kosa lake ni kwamba aliita kwa sauti ndogo. Akarudi na gongo. Ngo! ngo! ngo! Hodiii! Nyuki wakatoka, tupu! tupu! tupu! chubwi! Akarudi tena na gongo kubwa zaidi. Ngo! ngo! ngo! Hodiiiii! Safari hii hakuna aliyetoka. Akaita tena, kimya. Akachungulia. Mzinga ulikuwa mtupu. Nyuki walikuwa wamehama, na nyuma yao hawakuacha hata tone.

Kalunde alikuja kumtazama. Alipomwona alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaukumbuka mto, na mtu wa ng'ambo ya mto, kicheko kikakatika.

"Wewe una adabu, Sengo," alimwambia. "Lakini ni adabu ya watu. Nenda kwa Bibi Nyanzobe akufundishe ya nyuki."

Sengo akashtuka. Bibi Nyanzobe alikaa pembeni kabisa, msitu unapoanzia. Alikuwa mwembamba, mfupi, ana mwendo wa polepole, na mtoto akizaliwa kijijini asali ya mama mzazi ilitoka kwake. Watu waliila asali yake na kumsengenya. Walisema bibi yule hana adabu, anaingia kwa nyuki bila hodi. Wengine walisema ana dawa. Subirini, dawa yake mtaiona.

Sengo hakuwa na njia nyingine. Akaenda. Akafika mlangoni, akagonga kama alivyolelewa. Ngo! ngo! ngo! Hodi! Kimya. Ngo! ngo! ngo! Hodi! Kimya, na huku anamsikia bibi ndani anatafuna kiazi. Akaita mpaka sauti ikamkauka. Mwisho akachoka, akakaa kwenye gogo nje, akanyamaza. Akasikia ndege. Akasikia majani. Akasikia bibi anameza.

"Karibu," Bibi Nyanzobe akasema.

Sengo aliingia, akatoa shikamoo yake kwa magoti. Bibi akaitikia marahaba, akampa kiazi, akamwambia alimsikia tangu alipokuwa njiani, ila alikuwa anasubiri anyamaze.

Sengo akaeleza shida yake yote. Gogo, nyuki, gongo, mto, Kalunde. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, tena alicheka palipochekesha, hakumwonea haya. Kisha akaanza kumfundisha, na mafundisho yake yalikuwa hivi.

Kwanza alimpa bakuli la maji, limejaa pomoni, akamwambia azunguke nalo kijiji bila kumwaga tone. Sengo akaondoka. Akakutana na mkulima, akainama kumsalimu, chwaa! Akarudi, akajaza. Akakutana na mama yake, akainama, chwaa! Akarudi, akajaza. Watu walikuwa wakimwona wanaficha vicheko kwenye khanga. Mpaka siku alipojifunza kusalimu kwa macho na kutembea taratibu, taratibu, kama anapita karibu na mtoto aliyelala. Siku hiyo maji yalirudi yote, na bibi akamwambia, hivyo ndivyo mtu anavyokwenda mzingani.

Halafu alimpeleka kisimani, akamsugua mpaka yale mafuta ya kondoo yakatoka. Nyuki hawapendi harufu kali. Wanaidhani ni mnyama amekuja kuwaibia.

Halafu wakauchukua ule mzinga wake. Bibi akausafisha, akausugua ndani kwa nta ya zamani mpaka ukanukia nyumbani kwa nyuki. Wakauweka chini ya mkwaju penye kivuli, mbali na njia ya watu, mgongo kwenye upepo, mlango kwenye jua la asubuhi. Miguu ya miti wakaizungushia majivu, siafu wasipande. Pembeni wakaweka chungu cha maji, na ndani ya maji vijiti, nyuki wapate pa kusimama wasizame. Sengo akashangaa mambo ni mengi hivyo. Bibi akamwambia kumkaribisha mgeni si kumgongea, ni kumtengenezea pa kukaa.

Wakaimba, na nyinyi mtaniitikia. Mimi nasema, "Nyumba tayari," nyinyi mnasema, "Tumenyamaza."

Nyumba tayari.

Tumenyamaza.

Maji tayari.

Tumenyamaza.

Njooni wenyewe.

Tumenyamaza.

Vizuri. Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana baada ya hapo hapakuwa na kazi. Sengo alitaka kwenda kuchungulia. Bibi akamwambia kaa. Siku zikaenda. Sengo akauliza kama anaweza kutazama kidogo tu, kwa mbali. Kaa. Migunga ikachanua, msitu ukanukia. Bibi, nasikia sauti, nikaone? Kaa. Kalunde naye akaja, akakaa naye, akasuka vikapu, na kukaa kukawa kutamu kidogo. Na nyuki wakaja. Vuuuuu! Wakaingia, wakaanza kazi zao, na hakuna aliyewagongea.

Walipokwisha kuzoea, bibi akamfundisha moshi. Hiyo ndiyo dawa yake, mnaiona? Magome ya miti yaliyooza na samadi kavu ya ng'ombe, vimefungwa pamoja, vinafuka bila kuwaka. Alimwambia atie kiganja chake kwenye moshi kwanza, kwa kuwa ukimuunguza yeye utawaunguza na wao. Sengo akatia. Ulikuwa baridi.

"Hii ndiyo hodi yao," bibi alisema. "Kidogo mlangoni, kidogo nyuma. Basi."

"Halafu nafanya nini, Bibi?"

"Unasubiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wakujibu."

Akamweleza kwamba nyuki wakinusa moshi hudhani msitu unaungua, nao hukimbilia kula akiba yao kabla ya safari. Wakishiba, hasira zinapungua. Akamwambia asisimame kamwe mbele ya mlango wao, asimame nyuma. Sega lililofunikwa nta nyeupe ndilo lenye asali iliyoiva. Sega la karibu na mlango lina watoto, halishikwi. Na asali yote haitolewi, wenyewe watakula nini? Akidungwa, asipige kelele, akwangue mwiba kwa ukucha, apashe moshi mahali pale, kwa sababu harufu ya mwiba mmoja huita mingine.

Sengo akayashika yote. Lakini mawingu nayo yalikuwa yamekwisha kushika milima.

Jua lilipoanza kuinama, siku ile ya siku, Mzee Kapela akaja. Walimsikia mapema, maana alikuja na hodi yake. Alikuwa amejipaka mafuta ya kondoo mpaka anang'aa, mkononi ana bakora, nyuma yake Kalunde amebeba chungu kitupu. Kwa mbali ngurumo, gududududu. Bibi Nyanzobe alikuwa amekaa kando na kiazi chake. Alikwisha kumwambia Sengo kwamba siku hiyo yeye hana mdomo, mzinga ni wa Sengo na nyuki ni wa Sengo.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika kijiji kile, mchumba hakumtazama baba mkwe usoni. Hakusema mpaka aulizwe. Na kumgusa, hilo halikutajwa hata kwa mzaha. Aliyemgusa baba mkwe alirudishiwa posa yake, mambo yakaishia hapo.

Sengo akainama, akasalimu chini kwa chini. Akawasha moshi wake. Akauendea mzinga kwa nyuma, taratibu, taratibu. Mzee Kapela akamtazama, akaona kijana anaingia kwa wenyewe bila kugonga. Moyo wake wa hodi ukachemka. Akauliza hii ni adabu gani, mwanangu akaolewe na mtu wa namna hii? Akapita mbele, akasimama mlangoni kwa nyuki hasa, akainua bakora.

Ngo!

Vuuuuu! Mzinga mzima ukalia.

Mzee Kapela akainua bakora mara ya pili. Sengo akamtazama bibi. Bibi akatazama kiazi. Sengo akamtazama Kalunde. Kalunde ameziba mdomo kwa mikono miwili, na chungu kimeanguka kwenye majani. Nyuki wa kwanza walikuwa wamekwisha kutoka. Na Sengo, Sengo yule aliyesalimu majembe, akanyoosha mkono akamshika baba mkwe wake kifundo cha mkono. Bakora ikakaa hewani.

"Baba, nisamehe," alisema polepole. "Hapa si kwako wala si kwangu. Njoo nyuma yangu, unyamaze."

Akamvuta. Akavua shuka lake, akamfunika mzee gubigubi, akasimama mbele yake kifua wazi. Nyuki wakamjia. Mmoja shingoni, mwingine begani, mwingine sikioni. Sengo hakukimbia. Hakupiga kelele. Akakwangua mwiba kwa ukucha, akapasha moshi, akakwangua, akapasha. Akapeleka moshi mlangoni, fuu. Akapeleka nyuma, fuu. Kisha akashusha mikono yake, akasubiri.

Ngurumo ikasema, gududududu. Akasubiri.

Tone moja la mvua likaanguka kwenye jani la mkwaju, to. Akasubiri. Kalunde naye machozi yanamtoka, kwa sababu aliona mvua, aliona mkono wa baba yake ulioshikwa, akauona mto. Lakini naye akasubiri.

Vuuuuu ikashuka. Ikawa vuuu. Ikawa vuu. Ikawa mmmmm, sauti ya nyumba yenye watu wanaokula.

Chini ya shuka ikatoka sauti ndogo sana, sauti ambayo hakuna mtu kijijini aliyewahi kuisikia kwa Mzee Kapela.

"Wamesemaje?"

"Wamesema karibu, Baba."

Sengo akafungua mzinga kwa nyuma. Akatoa sega jeupe, akatoa jingine. Asali ikatiririka, nzito, ya rangi ya jioni ile, ikajaza chungu mpaka shingoni. Sega la watoto hakuligusa. Sega la akiba hakuligusa. Mzee Kapela alikuwa amekwisha kutoa pua nje ya shuka, akauliza kwa kunong'ona mbona anaacha. Sengo akamjibu kwamba hicho ni chakula chao, na mwakani anataka wamwitikie tena. Akafunga mzinga, akarudi nyuma, akaweka chungu miguuni kwa mzee. Kisha akapiga magoti, akasubiri hukumu yake, maana alikuwa amemgusa mkwe.

Mzee Kapela alichovya kidole. Akalamba. Akachovya vyote. Akalamba mpaka kwenye kiwiko, na kwa muda mrefu hakusema neno. Hilo nalo lilikuwa jipya.

"Maisha yangu yote nimegonga milango ya watu," alisema mwisho. "Na nikishagonga, naingia. Sijapata kusimama nikasikiliza." Akaushika mkono wa Sengo, ule ule uliomshika, akauweka juu ya mkono wa Kalunde. "Huyu amenifundisha hodi."

Na mvua ikaachia, shwaaaa! Ilikuwa imechelewa, nayo ilikuta mambo yamekwisha. Kalunde akacheka kicheko chake chote, kikasikika mpaka kisimani. Bibi Nyanzobe akafunika chungu kwa jani, akamalizia kiazi chake, akasema sasa mdomo wake umerudi, na kama kuna pombe ya asali siku ya harusi asisahauliwe. Hakusahauliwa. Alicheza, wanasema, kwa ule mwendo wake wa polepole, na ngoma zikalazimika kumfuata.

Jioni ile ya mzinga, Mzee Kapela alikimbia na mvua mpaka kwake. Alipofika mlangoni, akasimama. Akagonga mara moja, taratibu. Hodi. Akasubiri, mvua inampiga mgongoni, asali iko mkononi. Mkewe ndani alisikia hodi ndogo, akadhani ni mtoto wa jirani, akaendelea kusonga ugali. Ugali ulipoiva ndipo alipofungua. Alimkuta mumewe ameloa chepechepe, anatabasamu, akamshika paji la uso akidhani anaumwa.

"Karibu," mkewe akamwambia, na Mzee Kapela akaingia.

Bibi Nyanzobe aliishi mpaka akawafundisha watoto wa Sengo na Kalunde, na watoto wa mtu wa ng'ambo ya mto pia, maana naye alipata mke mwingine, msimhurumie sana. Alipofariki walimzika karibu na ule mkwaju. Mpaka leo watu wa kijiji kile wakipita pale hawapigi kelele. Wanasimama kidogo, wanasikiliza. Wakisikia mmmmm, wanatabasamu, wanapita.

Basi wanangu, shikeni hili mwende nalo. Kugonga kila mtu anaweza. Hodi yenyewe ni kule kusubiri mpaka wenyewe wakwambie karibu, awe nyuki, awe jirani, awe mkeo jikoni.

Hadithi yangu imefika kwao, imefungua mlango, imeingia. Mimi naishia hapa nje, nasubiri yule mwenye asali ndani aniite.